Nyota Niliyoiweka Mbele ya Maji

Mpaka leo nikipita barabara ya Madimba kuelekea pwani huwa navuta mtandio mbele kidogo, na wala si kwa ajili ya vumbi, ni kwa sababu kule mwisho wa barabara kuna wanawake ambao wakiniona tu wanaanza kulia kama king'ora, wuuu, wuuu, halafu wanacheka mpaka wanashikana mabega. Nimestahili. Kwa hiyo afadhali niwasimulie mwenyewe, kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine akaitia chumvi (na kule kwenye majaruba yao chumvi haikosekani).

Mimi nafundisha elektroniki katika chuo kimoja cha ufundi hapa Mtwara mjini, nakaa Rahaleo na mume wangu na wanangu wawili, na mume wangu kwao ni kijiji kimoja karibu na pale mto Ruvuma unapoingia baharini. Mama yake, Bi Fatu, ni mmoja wa wanawake wanaoteremka kwenye mafungu, yale matuta ya mchanga yanayoibuka katikati ya bahari, wakati wa bamvua, maji yakitoka sana, kuokota kombe na kutoa pweza mashimoni. Ni kazi nzuri, wanaipenda, wanakwenda wakiimba, ila ina ubaya mmoja: kati ya mafungu na ufukwe kuna mkondo, na maji yakianza kurudi hujaza mkondo kwanza, taratibu, nyuma ya migongo yao, wakati huko mbele waliko bado pakavu kabisa. Ukiinua macho umechelewa.

Sasa mwaka huo mama akaja kwetu kusalimia, mguu una michubuko kuanzia goti mpaka kifundo. Kumuuliza, anasema maji yaliwakatia njia, wakavuka mkondo yakiwa kifuani, wameshikana mikono, na jirani yake Bi Somoe, ambaye magoti hayamsaidii tena, ikabidi afuatwe na mtumbwi. Alikuwa anasimulia huku anacheka. Mimi sikucheka. Nikasema, "Mama, nitawatengenezea king'ora. Maji yakianza kugeuka, kinawaita mtoke."

Akaniangalia kwa upole ule wa mtu anayemwonea mkwewe huruma. "Wewe na nyaya zako, mwanangu. Haya."

Lile "haya" ndilo lililonichoma. (Mama hajawahi kunisema vibaya, ila nilikuwa najua anaona kazi yangu ni kukaa na kuchezea vitu visivyoliwa.) Basi nikajipanga. Chuoni tulikuwa na bodi za kufundishia, zina zile chipu ambazo zikitoka kiwandani ni tupu, hazijui kitu, wewe ndiye unayezichorea ndani yake saketi unayoitaka. Ukimaliza kuchora, unaandika faili la pembeni, sisi tunaliita faili la masharti, ambamo unaiambia chipu: mguu huu ni wa jina hili, mguu ule ni wa jina lile, na mguu huu ukikaa bila umeme uhesabu hapana, ule ukikaa bila umeme uhesabu ndiyo. Faili lenyewe ni fupi, halina maajabu, na hakuna anayelipenda. Lakini ukilikosea, chipu yote inaelewa vingine.

Mimi nikaamua majina yote yawe ya Kiswahili. Nilikuwa na hoja zangu, nilizieleza hata kwenye kikao cha idara, kwamba wanafunzi wetu wanaelewa zaidi jina linaposema kitu wanachokijua. Mwenzangu Mwalimu Nampota, anayefundisha chumba cha jirani, mtu mtaratibu kupita kiasi, akasema ni sawa, ila akanionya, "Angalia alama. Hizi programu zina alama zake, ukiziweka ndani ya jina zinalisoma vingine." Nikamwambia asihofu. Siku ya kwanza tu nikaandika king'ora, programu ikakwama kwenye kile kikoma cha juu cha ng', ikanirushia makosa mekundu kumi na tatu, nikabadilisha nikaandika honi. Nampota alikohoa tu.

Mengine yakaenda vizuri. Kwenye mkondo tulisimika nguzo nane, kila nguzo ina boya lake, maji yakilinyanyua boya linapeleka umeme kwenye bodi. Hizo nilizipa majina maji0, maji1, mpaka maji7. Halafu kulikuwa na saa ndogo inayojua siku za bamvua na muda wa maji kugeuka, muda ukifika inaiambia bodi. Waya wa saa nikauita majira. Nilijaribu wiki nzima, kitu kikafanya kazi kama kilivyotakiwa. Tukaipandisha bodi kwenye sanduku juu ya mlingoti pale ufukweni, na king'ora juu yake, na betri ya jua. Nikawafundisha wanawake mwenyewe: milio mitatu mifupi, yaani boya moja tu limenyanyuliwa, ni majaribio, msihangaike, mlio mrefu usiokatika ni maji, acha kila kitu, toka.

Hapo ningeishia, leo nisingekuwa na cha kusimulia.

Lakini ilipangwa sherehe ya uzinduzi, na jana yake mchana mkuu wa chuo akaniita akasema anataka faili zangu zichapishwe kwenye bango kubwa, wageni waone kazi ya walimu wetu. Nikaenda kuziangalia nikaziona zimekaa kienyeji. Maji0, maji1, maji2, kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Watu wanaojua kazi huyaweka maji yote katika fungu moja, halafu kila moja linaitwa kwa namba yake ndani ya mabano ya mraba. Nikabadilisha. Mchoro ukapendeza, nikauangalia kwa mbali kama mtu aliyemaliza kupamba chumba cha bibi harusi. Kisha nikaupeleka kwenye programu, nayo ikagoma, kwa sababu kule kwenye faili la masharti mabano ya mraba si sehemu ya jina, ni amri: programu ikiyaona inadhani umeiagiza ikafanye kitu kinachoitwa sifuri, ikitafuta hicho kitu haikioni.

Nikachungulia kwa Nampota. Akasema, bila hata kuinua kichwa, "Funga kila jina kwenye mabano ya mkunjo, yale yenye kiuno. Ukilifunga hivyo linasomwa lilivyo, halikatwikatwi. Moja moja."

Nikafunga. Mistari minane ya kwanza, ile inayosema kila jina liko mguu gani, nikaifunga yote, moja moja, kama alivyosema. Ikabaki mistari minane mingine, ile ya kusema kwamba boya likiwa halijanyanyuka, mguu wake uhesabu hapana. Adhana ya alasiri ikaita, gauni langu la sherehe lilikuwa bado kwa fundi, na mimi nikakumbuka kwamba kuna njia ya mkato: ukiandika mwanzo wa jina halafu ukaweka nyota, programu inachukua majina yote yanayoanza hivyo, mabano hayakuhusu tena. Mistari minane ikawa mmoja. Maji, nyota, basi. Programu ikakubali. Ilitoa vitahadhari vichache vya rangi ya njano ambavyo sikuvisoma (vya njano huwa hatuvisomi, msinitazame hivyo), nikafunga kompyuta nikaenda kwa fundi.

Asubuhi ya sherehe nilifika kijijini mapema, nikapanda mlingoti, nikapakia faili jipya. Kwa kuwa sikutaka kushtua watu kabla ya wakati, nilichomoa waya wa king'ora wakati napakia, nikaurudisha baada ya kuzima. Yaani lile faili jipya lilikuwa halijajaribiwa hata mara moja. Nikafunga kufuli, nikashuka, nikavaa gauni langu nyuma ya nyumba ya mama. Lilikuwa limebana chini kama ilivyo mishono ya siku hizi, unatembea hatua fupi fupi.

Wanawake wao hawakusubiri sherehe. Ilikuwa bamvua kubwa na maji yametoka mbali, wakasema hotuba zitakuwepo hata kesho, wakachukua ndoo zao wakateremka, mama akiwa mbele. Nikaona ni sawa, tena itapendeza mgeni akiwaona kwa mbali wakiwa kazini. Mpango ulikuwa hivi: mgeni rasmi anabonyeza swichi, hakuna kinachotokea, mimi nanyanyua boya moja la mfano lililo kwenye ndoo mbele yake, kinatoka kilio kifupi mara tatu, watu wanapiga makofi, tunakula pilau.

Mgeni akabonyeza swichi. King'ora kikalia.

Kikalia kile kilio kirefu. Nikaangalia ndoo, boya limelala. Nikaangalia bahari, iko mbali kabisa, nyeupe. Mgeni, mtu wa heshima kutoka mkoani, akapiga makofi, wote wakapiga makofi, wakadhani ndivyo inavyotakiwa, na mimi nimesimama natabasamu. Nikabonyeza kitufe cha kunyamazisha. Hakikunyamaza. Nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe, kwa akili zangu zote, ndiye niliyechora kwamba muda wa maji ukishafika hakuna binadamu anayeruhusiwa kukinyamazisha, asije mtu akakizima kwa sababu kinampigia kelele. Na ile swichi ya mgeni ni ya kuwashia tu. Ya kuzimia iko ndani ya sanduku, juu ya mlingoti, chini ya kufuli.

"Mwalimu," mgeni akaniinamia sikioni, "kinalia mpaka lini?"

Nikasema, "Kidogo tu, mheshimiwa." Sijui nilitoa wapi.

Ngazi haikuwepo. Niliyoitumia asubuhi, mtu wa vyombo vya sauti alikuwa ameichukua akaiegemeza kwenye mti na kuifungia spika juu yake. Nikamwendea kwa zile hatua zangu fupi fupi, tukaanza kubishana, yeye hanisikii kwa ajili ya king'ora, mimi simsikii, mwisho Nampota akaja akafungua kamba mwenyewe, spika ikashuka inakoroma, ngazi ikaletwa. Kisha gauni. Mguu haufiki kwenye pao la pili. Nampota akasema apande yeye, lakini ana uzito ambao ile ngazi isingekubali, na ufunguo uko kwangu, na kila sekunde kile kitu kinalia. Kwa hiyo mbele ya mgeni rasmi, mkuu wa chuo, mwenyekiti wa kijiji na mashemeji zangu wote, nikashika mshono wa pembeni nikauchana mpaka gotini, wifi yangu mmoja akanirushia kanga, nikaifunga juu yake, nikapanda.

Nikafungua sanduku, nikachomoa waya. Kukawa kimya.

Na hapo juu, nilipogeuka, ndipo nilipowaona. Walikuwa wanakuja kutoka kule mafunguni, wote, wanakimbia kwenye mchanga wenye maji, wengine wanaanguka wanainuka, ndoo zimebaki nyuma zimetawanyika kama vitone. Hakuna aliyekuwa ameshika kitu. Mmoja tu alikuwa na mzigo, amekuja nyuma ya wenzake, ameinama, na sikumtambua mpaka alipofika karibu na mkondo. Alikuwa mama mkwe wangu, na mgongoni amembeba Bi Somoe.

Sijui nilishukaje. Nilikwenda mpaka ukingoni pale mkondoni, maji yenyewe hayafiki hata kwenye kifundo cha mguu, na mama akavuka, akamshusha mwenzake juu ya mchanga mkavu taratibu, akakaa, akawa anavuta pumzi. Ana umri wa mwanamke mwenye wajukuu tisa. Halafu akageuka akaangalia bahari kwa muda.

"Maji yako wapi?" akauliza.

Nikasema, "Mama, hakuna maji. Nimekosea."

Hakuwa amekasirika, hilo ndilo lilinimaliza. Alikuwa anataka kuelewa. "Si ulisema kikilia hivi tutoke?"

"Nilisema."

"Basi tumetoka," akasema.

Tuliporudi kwenye hema la wageni, mgeni rasmi aliniletea kipaza sauti mwenyewe, akasema kwa upole, "Mwalimu, hebu waeleze kina mama." Nikashika kipaza sauti, kanga inafunguka, nikaeleza. Maana nilikuwa nimeshajua, nilijua nikiwa bado juu ya ngazi, kwa sababu ukiwa na aibu akili inafanya kazi haraka. Nikasema kwamba nilitaka kuiambia mashine jambo kuhusu waya za maji, na badala ya kuzitaja moja moja niliandika maji nikaweka nyota, ikamaanisha kila jina linaloanza na maji. Na waya wa saa unaitwa majira. Ule waya wa saa ulitakiwa ukae juu, yaani uhesabu ndiyo, ukiwa kimya, ukishuka ukawa hapana ujue muda umefika. Mashine ikauchukua pamoja na wa maji ikaushusha, ikaona muda umefika, ikalia.

Kisha mwanamke mmoja wa makamo, aliyekuwa bado anakamua maji kwenye kanga yake, akauliza, "Kwa hiyo ulisema maji, ikachukua na majira?"

"Ndiyo, dada."

"Na kungekuwa na majivu?"

"Yangechukuliwa."

"Na majani?"

"Majani hapana, yanaanza vingine."

Akafikiri. "Na majini?"

Nikasema, "Na majini yangechukuliwa."

"Basi," akasema akiwageukia wenzake, "tushukuru limekuwa majira tu." Na hapo ndipo kicheko kilipoanza, kikaenda mpaka meza kuu, mgeni rasmi alitoa kitambaa akafuta macho, na mimi nikacheka pia kwa sababu kulia kungekuwa kurudia kazi ya king'ora.

Lakini kicheko kilipoisha, ndoo zilikuwa bado kule mafunguni, na kombe na pweza ndani yake, na saa moja nzuri ya maji makavu ilikuwa imebaki. Hakuna aliyenyanyuka. Nilikaa kwenye mkeka barazani kwa mama, nikafungua kompyuta, nikaifuta nyota, nikaandika mistari minane, kila jina ndani ya mabano yake ya mkunjo, mama ameketi pembeni ananiangalia na kuhesabu kwa sauti ndogo, moja, mbili, tatu. Alipofika nane akauliza, "Ni hivi tu?" Nikamwambia ni hivi tu. Hata dakika kumi hazikufika.

Nampota akanishikia ngazi, nikapakia, tukajaribu mbele ya watu wote: boya chini kimya, boya juu milio mitatu. Nampota akagusisha waya wa saa, kikatoka kilio kirefu, akauachia, kikanyamaza. Nikawaambia kina mama sasa kiko sawa, wanaweza kurudi. Wakatazamana. Bi Somoe, ambaye alikuwa amekunywa chai na kupata nguvu, akasema bila ubaya wowote, "Sisi tulikuamini asubuhi, mwalimu."

Mama ndiye aliyejibu, akaniambia mimi, si wao. "Kama ni sawa, twende wote."

Nikavua viatu. Tukavuka mkondo, mimi na mama mbele, wengine wakaanza kufuata wawili wawili mpaka wakawa wote isipokuwa Bi Somoe. Gauni lililochanika, kanga ya wifi, nimebeba ndoo ya watu. Tulipofika mafunguni nikageuka kuangalia ufukwe na nikashangaa jinsi ulivyo mbali. Hema lilikuwa kama kitambaa kilichoanguka, na ule mlingoti wangu siuoni kabisa mpaka mama aninyooshee kidole. Miaka yote niliyoolewa kule sikuwahi kufika pale. Wanawake wakainama wakaendelea na kazi, lakini kazi ya masikio, hakuna aliyeimba. Na mimi nimesimama na ile mistari minane kichwani, naipitia mmoja mmoja, naangalia maji mbele yangu ambayo hayaniambii kitu, ni makavu, ni matulivu, na najua nyuma yangu mkondo unafanya mambo yake.

Kikalia. Kilikuja chembamba, na upepo, lakini kikafika. Kirefu, bila kukatika. Hakuna aliyekimbia mara hii, mama alisikiliza kwanza, akageuka akaangalia mkondo, akaona mstari mwembamba unaong'aa ambao dakika chache zilizopita haukuwepo, akasema, "Ndiyo." Tukabeba ndoo tukavuka, maji yakiwa chini ya goti, tunaongea. Ndoo zote zilikuwa na kitu. Mgeni rasmi alikuwa ameshaondoka, pilau lilikuwa limeisha, tukachemsha kombe.

Bango la mkuu wa chuo lilichapishwa na ile nyota, kwa kuwa lilikwenda kwa mchapaji kabla sijagundua kosa, na mpaka sasa liko ukutani kwenye korido. Nampota akileta wanafunzi wapya huwasimamisha pale na kuwauliza kosa liko wapi. Mimi siku hizi naandika majina yote kamili na nayafunga yote, moja moja, hata yakiwa mia, na tahadhari za njano nazisoma kama barua ya posa. Wanafunzi wananung'unika kwamba nawachosha, nawaacha wanung'unike. Na kila bamvua, ikikaribia saa sita mchana, naweka simu juu ya meza nisubiri mama apige. Haongei sana, anasema tu, "Kimelia, mwanangu, tumetoka," halafu anakata kuokoa salio, na mimi ndipo naanza kula.